Presha, moyo na kiharusi: maswali ninayoulizwa kaunta ya dawa

Mimi ni mfamasia hapa Kisumu. Duka ninalofanyia kazi liko upande wa Kondele. Wateja wangu wengi ni wachuuzi, watu wa boda, walimu, na akina mama wanaotoka kliniki ya presha pale Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, wakiwa na karatasi ya dawa mkononi. Maswali haya nimeyajibu mara nyingi nikiwa nimesimama, foleni ikiwa imefika mlangoni. Hapa nayajibu bila haraka.

Presha si kazi ya daktari? Mfamasia anaingilia wapi?

Daktari ndiye anayethibitisha ugonjwa na kuchagua dawa. Hilo halina ubishi. Lakini hebu tuhesabu siku. Kliniki unakwenda labda mara moja kwa miezi mitatu, na ukifika, benchi limejaa. Dukani unakuja kila mwezi, na wengine kila wiki. Mimi ndiye ninayeona kwamba ulinunua vidonge 30 tarehe 2, na sasa umerudi tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Kidonge ni kimoja kwa siku. Zile siku 17 ulikuwa ukimeza nini?

Pengo hilo ndilo ninalolitafuta. Daktari hawezi kuliona, kwa sababu siku ya kliniki kila mtu hufika akiwa amemeza dawa asubuhi ile, na namba zinatoka nzuri. Nikiliona, siulizi kwa kugomba. Huenda pesa zilikatika, au ulisafiri matanga ukasahau pakiti nyumbani, au dawa inakusumbua na unaona haya kusema. Kila jibu lina njia yake.

Kazi nyingine ni kumpata mtu ambaye hajui kabisa kwamba ana presha. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 wa magonjwa yasiyoambukizwa, takriban Mkenya mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Mtu huyo haendi hospitali, kwa sababu haumwi. Lakini dukani anakuja, kununua dawa ya mafua ya mtoto.

Kila mtu aliyevaa koti jeupe dukani namwita daktari. Nitajuaje mfamasia ni nani?

Uliza tu, si utovu wa adabu. Mfamasia amesoma shahada ya famasia, na mteknolojia wa famasia amesoma diploma. Wote wawili husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya mwaka huu yapaswa kuwa imetundikwa mahali unapoweza kuisoma. Duka ambalo halina karatasi hiyo ukutani, mimi nisingenunua dawa ya moyo hapo.

Kipimo cha dukani huwa juu kuliko cha hospitali. Niamini kipi?

Amini kile kilichopimwa vizuri, popote kilipopimiwa.

Mama mmoja muuza omena aliingia Jumapili, siku ya soko kubwa Kibuye, jasho likimtoka. Mkono mmoja ameshika mkoba, mwingine amenyoosha tayari. “Nyathina (mwanangu), nipime haraka, boda ananingoja.” Nilimpima hivyo hivyo ili nimwonyeshe: 168 kwa 98. Kisha nikamwomba alipie boda aende zake. Nikamketisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Mkono wa sweta tukauvua, si kuupandisha, kwa maana ukipandishwa unabana kama kamba. Tulikaa dakika tano bila kuongea. Kwake yeye kunyamaza ndiko kulikuwa kazi kubwa kuliko zote. Nikapima mara mbili, dakika moja katikati: 148 kwa 92, halafu 146 kwa 90.

Bado iko juu, na hilo nilimwambia bila kuficha. Lakini mtu wa 168 na mtu wa 146 hawatibiwi sawa. Nilimwomba arudi asubuhi tatu kabla hajaanza kubeba magunia, nikamwandikia namba zote kwenye karatasi, akaenda nayo kliniki.

Mambo mengine yanayodanganya mashine ni kibofu kilichojaa, chai ya rangi au kahawa uliyokunywa ndani ya nusu saa, sigara, na mkanda mdogo kwa mkono mnene. Hilo la mkanda ni kosa letu sisi wa dukani, na hutokea mara nyingi. Kama mkono wako ni mkubwa na mkanda unafungika kwa shida, sema. Duka lazima liwe na mkanda mkubwa.

Namba gani ni mbaya?

Presha ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, unahitaji daktari. Kama unapima mwenyewe nyumbani, anza kushtuka kuanzia 135 kwa 85. Wenye sukari au ugonjwa wa figo, mara nyingi daktari hutaka wawe chini ya 130 kwa 80.

Ikifika 180 kwa 120, tulia, pumzika, pima tena. Ikibaki hapo hapo, mwone daktari siku hiyo hiyo. Na ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali sasa hivi. Usiniombe kidonge cha nifedipini cha kuweka chini ya ulimi. Zamani kilitolewa sana. Kinaishusha presha kwa kishindo kiasi kwamba ubongo na moyo vinakosa damu, na kiharusi tulichokuwa tunakikimbia kinaletwa na dawa yenyewe.

Nimemeza dawa miezi miwili, sasa presha ni 128 kwa 80. Nimepona?

Hapana. Dawa inafanya kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na hili ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe hata na asiyesoma mengine yote.

Watu wa Ahero na Nyando wananielewa upesi nikiwaambia habari ya tuta. Tuta likijengwa kando ya mto, shamba hubaki kavu. Hakuna mkulima anayelitazama shamba lake kavu akasema, basi tulibomoe tuta, mafuriko yamekwisha. Kidonge ni tuta. Presha yako ni 128 kwa sababu umekimeza jana na juzi. Ukiacha, presha inarudi, na inarudi kimya. Haikuumi kichwa, haikupi kizunguzungu. Wengi hawasikii kitu mpaka siku ile.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika duka jingine, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa mteja wetu wa amlodipini, dawa ya presha. Siku moja alikuja kununua sabuni tu. Akaniambia kwa furaha kwamba presha yake imekuwa nzuri, kwa hiyo ameamua kuupumzisha mwili na dawa. Nyuma yake kulikuwa na watu sita. Nikamwambia, “Hongera, mwalimu,” nikamrudishia chenji. Baada ya miezi minne hivi binti yake aliingia kuuliza kama tuna nepi za watu wazima. Za baba, alisema. Hajiwezi upande wa kulia, na maneno hayatoki.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ameacha dawa, foleni inangoja.

Huwa natoa hesabu hii pia, kwa maana inatia moyo. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja unaonyesha kwamba kila ile namba ya juu inaposhuka kwa 10, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Si lazima ushuke kutoka 180 hadi 120 ndipo ufaidike. Kila hatua ni faida.

Daktari anaweza kupunguza dawa, hasa ukipungua uzito au ukipunguza chumvi kweli kweli. Lakini ni yeye, si wewe peke yako. Na dawa kama atenololi usiiache ghafla hata kidogo. Moyo hushtuka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata mshtuko wa moyo.

Nikisahau kidonge?

Kimeze ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ukikumbuka kesho, endelea na cha kesho. Usimeze viwili kwa pamoja.

Dawa inanisumbua. Nivumilie?

Usivumilie, na usiache. Njoo useme. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, na wengi hudhani figo zimeharibika. Enalaprili huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kikohozi. Nimewaona watu waliomaliza chupa tano, na wengine waliopimwa TB, kumbe ni kidonge cha presha. Dawa za kukojoza zimezwe asubuhi, la sivyo utalala mlangoni mwa choo. Zote hizo zina mbadala, na mara nyingi nampigia daktari wako simu mteja akiwa bado amesimama hapo.

Wanaume huja wakati duka liko tupu, wakainama kaunta, wakazunguka mbuyu. Ndiyo, baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Lakini presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa ile ile, na huiharibu moja kwa moja. Niambie tu. Nina chumba kidogo pembeni, na sitashangaa.

Nina presha, lakini magoti ndiyo yananiua. Naweza kununua dawa ya maumivu?

Hapa ndipo penye hatari ambayo watu hawaioni, kwa hiyo nivumilie nikiwa na maneno mengi.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupandisha presha, huufanya mwili ushike chumvi na maji, huumiza figo, na zikitumiwa muda mrefu huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tena huzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha. Enalaprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoza, pamoja na diklofenaki: utatu huo umepeleka figo nyingi pabaya. Na magoti yanauma watu wa umri ule ule wenye presha. Mama anachukua dawa ya presha kliniki, kisha njiani anapitia kibanda kununua za magoti, mbili asubuhi mbili jioni, mwezi baada ya mwezi. Daktari anaona presha imekataa kushuka, anaongeza dawa ya tatu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magoti.

Ndiyo maana mteja wa presha akiomba kitu cha maumivu, ninauliza maswali mpaka wengine wanakasirika. Mara nyingi parasetamoli ndiyo salama zaidi kuanzia, lakini si ile inayochemka kwenye maji, maana ina sodiamu nyingi. Dawa ya kupaka gotini husaidia wengi, na dawa inayoingia mwilini ni kidogo. Jihadhari pia na dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni ambavyo watu hununua kwa ajili ya kunenepa. Vyote hupandisha presha.

Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Vina shida na presha?

Vile vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha, na mwenye presha ya juu havimfai. Zipo njia nyingine nyingi. Na ukipanga kushika mimba, au ukihisi umeshika, njoo haraka kama unameza losartani au enalaprili. Hizo humdhuru mtoto tumboni, na dawa nyingine zilizo salama zipo.

Aspirini ndogo kila siku inazuia mshtuko wa moyo. Naweza kuanza?

Usianze mwenyewe. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha damu kuganda, huandikiwa na humfaa. Asiyewahi kupata lolote, mara nyingi hatari ya kutokwa damu tumboni au kichwani huzidi faida. Na kama presha yako haijadhibitiwa, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Soma pia pakiti za vidonge vya kichwa vya dukani: baadhi vina aspirini ndani na watu hawajui.

Ninatumia ARV au dawa za TB. Zinagongana na za presha?

Baadhi zinagongana, na kwetu Nyanza hili si swali la watu wachache. Rifampisini ya TB hulifanya ini liziondoe upesi amlodipini, nifedipini, losartani na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwa hiyo presha iliyokuwa imetulia inaweza kupanda ukianza matibabu ya TB, na kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya ARV, hufanya kinyume: dawa zinajaa mwilini. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, haimezwi kabisa na ritonaviri. Na mwenye sukari anayetumia ARV ya dolutegraviri asimeze metformini, dawa yake ya sukari, kupita gramu moja kwa siku bila daktari kujua.

Najua kwa nini watu hawasemi. Duka lina masikio. Andika kwenye simu yako unionyeshe, au niambie “kuna nyingine ninazochukua Russia”, nami nitakupeleka pembeni.

Daktari wa moyo amenipa warfarini. Niache mboga?

Usiache. Sukuma wiki, osuga (mnavu) na majani ya kunde yana vitamini K, ambayo huvuta upande wa pili wa warfarini. Shida si kula mboga. Shida ni kula kwa mapigo: wiki hii osuga kila siku, wiki ijayo nyama tupu. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kitatulia. Kinachonitisha zaidi ni Flagyl na Septrin, ambazo watu hununua kwa tumbo na kifua kama wanaonunua peremende. Zote mbili huzidisha nguvu ya warfarini mpaka mtu anatokwa damu. Ukiwa na kadi ya warfarini, ionyeshe kila duka kabla hujasema unachotaka.

Mtoto anaumwa koo. Hilo lina uhusiano gani na moyo?

Lina uhusiano mkubwa. Koo linaloletwa na bakteria wa streptokoka, lisipotibiwa, linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Wengi wanaomeza warfarini wakiwa vijana walianzia hapo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo jekundu, tezi za shingo zimevimba, na hana kikohozi wala mafua, usimnunulie dawa ya kunyonya ukaenda. Apelekwe apimwe. Akiandikiwa penisilini au amoksisilini ya siku 10, amalize zote 10 hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Na kama mtoto tayari ana ugonjwa huo, ile sindano ya kila wiki tatu au nne isiruke hata mara moja.

Sina pesa za dawa ya mwezi mzima. Naweza kununua vidonge vitano?

Naweza kukuuzia, na nitafanya hivyo kuliko uende bila. Lakini kwanza niambie ukweli, kwa sababu mara nyingi tatizo ni aina ya pakiti. Dawa ileile, kemikali ileile, inaweza kuuzwa kwa jina la kampuni kwa bei mara kadhaa ya ile isiyo na jina maarufu. Mfamasia anajua ipi imesajiliwa na inafaa. Usikate kidonge kimoja mara mbili ili kisukume siku; vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole na ukivikata vinaachilia yote kwa mkupuo.

Kuna mpango ninaoupenda huku magharibi: AMPATH, mpango wa afya wenye makao Eldoret, wameweka katika vituo vya serikali hazina ya dawa inayozunguka. Dawa za serikali zikiisha, mgonjwa hununua pale kwa bei nafuu, na pesa hiyo hiyo inarudi kununua dawa nyingine. Chama chochote cha akina mama kinaweza kuiga kwa udogo wake. Nina kikundi kimoja Manyatta wanaochanga kila wiki na kununua dawa za presha za wanachama wote kwa pamoja. Mapengo ya siku 17 kwao yamekwisha.

Chumvi, kitunguu saumu, majani ya kuchemsha?

Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, ikiwemo iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Onja mchuzi kabla ya kunyunyiza, na ondoa kikebe cha chumvi mezani. Kitunguu saumu kula, ni chakula. Majani ya kuchemsha niletee nione kwanza, na usibadilishane nayo dawa.

Nitajuaje kwamba ni kiharusi, na nifanye nini?

Mwambie atabasamu: uso umekwenda upande mmoja? Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Aseme sentensi moja: maneno yanaburuta? Moja tu likiwepo, tazama saa, ikumbuke, mpeleke hospitali yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na lazima picha ipigwe kwanza.

Usimpe aspirini, maana huenda ni mshipa uliopasuka. Usimpe maji wala uji, koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Usimlete dukani kwanza. Nawaambia hivi kwa sababu wameletwa, juu ya boda, mtu akiwa amemshikilia kutoka nyuma, na mimi sina cha kumpa isipokuwa kuita gari.

Mume wangu hataki kupimwa. Nifanyeje?

Wanaume ni hivyo karibu kila mahali. Huko Los Angeles, Marekani, watafiti waliamua kuwafuata kwa kinyozi. Wafamasia walikwenda kwenye vinyozi vya watu weusi, wakawapima wateja kwenye kiti, wakawaandikia dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Matokeo yalitoka mwaka 2018: ndani ya miezi sita ile namba ya juu ya presha ya wanaume hao ilishuka kwa 27 kwa wastani, huku wale ambao kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari ikishuka kwa 9 hivi. Hapa Kenya sheria hainiruhusu kuandika dawa namna hiyo. Kupima kunaruhusiwa, na kinyozi wa jirani yangu ameniachia kona yenye kiti na meza kila Jumamosi alasiri.

Kama hanyoi huko, basi mtume aje achukue dawa zako. Mwambie mfamasia amesema lazima yeye ndiye aje azichukue na asubiri kidogo. Kiti kitakuwa tayari, na dakika tano za kuhesabu vidonge vyako zinatosha kumpima yeye.